Mtu na Mchezo Wake

Msomaji, liko swali la zamani ambalo kila kizazi hulikuta limeketi mlangoni kinapokwenda kutazama mchezo. Swali lenyewe ni hili: mchezaji ahukumiwe kwa yale atendayo jukwaani, au kwa yale atendayo nyumbani kwake, barazani na katika mambo ya siasa? Wako wasemao kuwa mtu ni mmoja wala hagawanyiki; akiwa mbaya katika maisha yake, basi na uigizaji wake ni ubaya uliovikwa nguo nzuri. Wako wengine wasemao kuwa mchezo ni mchezo. Pazia likifunguliwa tusiulize habari za mtu, na likifungwa tusiulize pia. Kila upande umeshika ncha moja ya kamba, na kila upande hudhani umeishika kamba yote.

Huenda ukafikiri kuwa swali hili ni la starehe, la watu walioshiba wakakosa la kuzungumza. Ukienda Garsen utaona kuwa sivyo.

Garsen ni mji mdogo ulio karibu na mto Tana, katika njia itokayo Malindi kwenda Lamu. Mto huo, ambao ni mrefu kuliko mito yote ya Kenya, hushuka kutoka nyanda za juu, hupita katika nchi kavu, kisha huingia baharini karibu na Kipini. Kandokando yake wanakaa Wapokomo, ambao ni wakulima wa mpunga, migomba na miembe. Waorma, ambao ni wafugaji wa ng'ombe, huwaleta wanyama wao mtoni wakati wa kiangazi. Mto ni mmoja na haja ni mbili: huyu ataka shamba lake lisikanyagwe, na yule ataka njia ya kuyafikia maji. Kati ya Agosti na Septemba mwaka 2012 ugomvi kati yao uligeuka kuwa vita. Watu zaidi ya 100 waliuawa katika Tana Delta, wakiwamo wanawake na watoto, na nyumba zikachomwa moto. Watoto waliokuwa wachanga mwaka ule ndio leo walio katika umri wa kukaa madarasa ya sekondari, na wa upande huu na wa upande ule huweza kukaa benchi moja.

Tuseme basi kuwa shule moja ya huko yatayarisha mchezo wa kuigiza, na kijana wa upande mmoja anapewa nafasi ya shujaa. Miongoni mwa watazamaji yumo mwenzake wa upande wa pili, ambaye mjomba wake hakurudi nyumbani mwaka ule. Je, kijana huyo aweza kutazama kwa haki? Na akitakiwa na mwalimu wake kuandika uhakiki wa mchezo ule, ataandika nini? Hapo ndipo swali letu linapoacha kuwa la starehe.

Tuanze na lililo jepesi, tupate kulifikia lililo zito. Jepesi ni kumtenga mchezaji na mtu anayemwigiza. Mwaka 1981 ilitoka filamu ya kusimulia utawala wa Idi Amin wa Uganda, na aliyemwigiza Amin alikuwa Mkenya, Joseph Olita. Kwa umbo lake, macho yake na kicheko chake aliweza kuwatia watazamaji hofu kana kwamba mtawala yule ameketi mbele yao. Hofu hiyo ilikuwa sifa ya Olita, si hatia yake. Mtazamaji anayetoka katika filamu akimchukia mchezaji kwa sababu ameigiza uovu vizuri, amemlipa mfanyakazi kwa fimbo. Hili kila mtu hulikubali akilisikia, lakini aghalabu hulisahau. Katika shule nyingi mwanafunzi aliyeigiza mwizi huitwa mwizi mpaka mwisho wa mwaka, na wanaomwita hivyo hawatambui kuwa wanamsifu.

Sasa tupande ngazi ya pili. Tuseme mchezo uliochaguliwa ni kisa cha Fumo Liyongo. Hakuna kisa kinachoifaa nchi ile kuliko hicho, kwa maana Liyongo ni shujaa wa huko huko: masimulizi humweka Shaka, Ozi na Kipini, penye mdomo wa mto Tana, na wenyeji huonyesha huko mahali wanapopaita kaburi lake. Mwaka 1913 Muhamadi Kijuma wa Lamu alikiandika kisa hicho kwa utenzi, na utenzi huo ukasomwa hata mbali na pwani.

Kwa nini namleta Liyongo katika maneno haya ya wachezaji? Kwa sababu, pamoja na kuwa mtu wa mkuki na upinde, Liyongo alikuwa mtu wa ngoma na nyimbo; na mchezo wake mkubwa kuliko yote aliucheza akiwa gerezani. Mfalme wa Pate alimwogopa kwa kuwa watu walimpenda, akamfunga kwa minyororo ili auawe. Liyongo akamwimbia kijakazi wa mama yake, jina lake Saada, wimbo uliobeba ujumbe: mama aoke mkate wa wishwa, na ndani yake atie tupa. Mikate mizuri iliyoletwa askari waliila wao. Mkate wa wishwa wakamtupia mfungwa kwa dharau. Kisha Liyongo akaomba ngoma ya gungu. Watu wakakusanyika, pembe zikapigwa na matoazi yakalia, naye ndani akawaongoza kwa wimbo. Katika kishindo kile cha furaha mlio wa tupa ukikata chuma haukusikika. Ngoma iliponoga minyororo ilikuwa imekwisha kukatika.

Angalia vizuri, msomaji, yaliyotukia pale. Waliocheza nje walisikia wimbo mtamu na wakaucheza kwa haki yake. Mama yake alisikia siasa: mtu aliyehukumiwa anajiokoa na mfalme. Je, nani alisikia vibaya? Hakuna. Wimbo ulikuwa mzuri kweli, na wimbo ulikuwa silaha kweli. Kama usingalikuwa mzuri, ngoma isingalinoga. Na kama ngoma isingalinoga, tupa ingalisikika. Uzuri wa sanaa ndio uliofanya kazi ya siasa. Kwa hiyo asemaye kuwa siasa na sanaa hazikutani kamwe, aende akaulizie Ozi na Kipini.

Hapa twapata kanuni yetu ya kwanza. Iwapo siasa imo ndani ya mchezo, imeingia katika maneno, katika mwendo na katika sauti, basi mhakiki hana budi kuitazama na kuipima, maana ni sehemu ya kile alicholetewa. Lakini siasa iliyo nje ya mchezo, ile ambayo mchezaji huifuata akiisha kuvua nguo za jukwaani, hiyo haikuletwa mbele ya mhakiki. Kuikamata na kuipenyeza katika hukumu ya uigizaji ni sawa na kumpima mpishi kwa kabila la mke wake.

Turudi kwa vijana wetu wa Garsen. Katika kisa hiki watu wa nchi ile wamo ndani wenyewe. Utenzi unasimulia jinsi Wagala walivyopendezwa na nguvu za Liyongo, wakataka kupata mbegu yake katika ukoo wao, wakamwoza binti yao. Wagala ni jina la kale ambalo watu wa pwani waliwaitia jamaa za Waorma, jina ambalo wenyewe hawalipendi. Unasimulia pia juu ya Waboni na Wasanye, watu wa mwituni, walioahidiwa fedha na mfalme ili wamwue. Utenzi umesimama upande wa shujaa, na wote wengine wanatazamwa kwa jicho lake. Kijana wa Kiorma akiuliza, "Mbona sisi tumeletwa kama watu wa kutoa mke tu?" na kijana wa Kisanye akiuliza, "Mbona sisi ni wauaji wa kukodiwa?", hao hawaharibu mchezo. Hao wanafanya uhakiki, na uhakiki wao ni wa haki, kwa sababu wanauliza juu ya jambo lililomo ndani ya kisa.

Lakini kijana wa pili akiandika, "Aliyeigiza Liyongo hakufaa, kwa sababu watu wake walichoma nyumba zetu," huyo ametoka nje ya njia. Hakusema neno juu ya uigizaji. Hakusema kama mchezaji alijua kuificha tupa katika wimbo, kuchangamka kwa uso huku mkono ukifanya kazi gizani. Hakusema habari za kifo cha Liyongo, ambacho ni mtihani mkubwa kwa mchezaji yeyote. Mwanawe mwenyewe amemchoma kitovuni kwa sindano ya shaba. Naye, hali anakufa, akapiga goti karibu na kisima, akaweka mshale katika upinde, akabaki vivyo hivyo. Watu wa mji wakaogopa kwenda kuteka maji, wakidhani yu hai. Mchezaji hapo hana neno la kusema wala hatua ya kupiga. Ana utulivu wake tu, na kwa utulivu huo lazima awatie hofu watu waliojaa ukumbini. Je, aliweza? Hilo ndilo swali la mhakiki. Kabila lake halilijibu, na damu ya mwaka 2012 hailijibu.

Nami nasema zaidi. Jukwaa ni mahali pachache ambapo kijana wa mto aweza kuvaa shuka la mfugaji na kusema maneno ya mfugaji, na kijana wa ng'ombe aweza kushika kafi la Mpokomo, na kila mmoja akajifunza namna mwenzake anavyosimama na anavyohuzunika. Hayo yote hayawezekani kama watazamaji hawataki kumtenga mtu na mchezo wake. Kutenga huku si anasa ya wasomi. Mahali penye majeraha ni sharti la watu kukaa pamoja na kutazamana.

Yule aliyeuandika utenzi atufundishe jambo jingine. Muhamadi Kijuma, aliyezaliwa kiasi cha mwaka 1855 akafariki mwaka 1945, alikuwa mwandishi wa hati nzuri, mchonga milango, mshairi, mpiga kinanda na mtu wa ngoma. Katika mji wa dini kama Lamu, si wote waliopendezwa na kinanda chake, wala si wote waliopendezwa na urafiki wake na Wazungu waliokuja kutafuta maandiko ya Kiswahili. Lau watu wa baada yake wangaliamua kuchoma kila alichoandika kwa sababu hawakuuridhia mwendo wake, ni hasara gani ingalitufika! Waliohifadhi kazi zake hawakulazimika kuyasifu maisha yake yote. Walitambua tu kuwa jani la karatasi halicheki wala halipigi kinanda. Lina maneno, na maneno yanasimama au kuanguka yenyewe.

Serikali nazo hupata mtihani huu. Abdilatif Abdalla wa Mombasa aliandika mwaka 1968 waraka wa kuuliza Kenya inakwenda wapi. Akahukumiwa, akawa kifungoni tangu mwaka 1969 hadi 1972. Mashairi aliyoyatunga kifungoni yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 kitabu hicho kikapewa tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye chini ya utawala wake mwandishi alifungwa. Waamuzi hawakuulizwa kama waliipenda siasa ya mtu. Waliulizwa juu ya mashairi, wakajibu juu ya mashairi.

Lakini si kila mara mambo huenda hivyo. Mwezi wa Aprili mwaka 2025 wasichana wa shule ya Butere walikwenda Nakuru katika tamasha la taifa la michezo ya kuigiza. Mchezo wao, Echoes of War, ulikuwa umetungwa na Cleophas Malala, aliyepata kuwa seneta wa Kakamega na mtu mashuhuri wa siasa. Mchezo ulikuwa umezuiwa, na ilibidi Mahakama Kuu iamuru waruhusiwe kucheza. Malala alikamatwa na polisi, na mabomu ya machozi yakapigwa karibu na mahali pa tamasha. Wasichana walipofika jukwaani hawakuwa na watazamaji wala vyombo vyao. Wakaimba Wimbo wa Taifa, wakaondoka.

Huenda mchezo ule ulikuwa mzuri. Huenda ulikuwa na makosa. Tamasha ndilo lilikuwa mahali pa kulijua hilo, mbele ya waamuzi na watazamaji. Wale waliosema, "Mtungaji ni mwanasiasa, kwa hiyo mchezo ni njama," waliweka mtu mahali pa mchezo. Na wale waliosema, "Mtungaji ameonewa, kwa hiyo mchezo ni bora," nao walitenda kosa lile lile kwa mkono wa kushoto. Kuonewa si ufundi. Mtu aweza kuonewa na kuandika vibaya, kama vile aweza kupendwa na wakubwa na kuandika vizuri.

Sasa, msomaji, usije ukaniambia kuwa nimemfungulia mwovu mlango wa nyuma. Najua wako watu wanaotaka sanaa yao iwe sabuni ya kuoshea mikono. Mtu ampiga mkewe, adhulumu wenziwe, kisha asema, "Nitazameni navyoimba." Jibu lake ni fupi: tumekutazama, nawe waimba vizuri, na kesi yako iko mahakamani. Kupigiwa makofi si kuachiliwa, na kuzomewa si kufungwa. Jukwaa lina hukumu yake na mahakama ina yake. Ubaya huanza pale moja inapoifanya kazi ya nyingine. Tena, wewe una hiari. Ukiona moyo wako haukubali kulipa fedha zako kumtazama mtu aliyeumiza wengine, kaa nyumbani. Hiyo ni haki yako na huenda ikawa ni heshima kwa walioumizwa. Ila usitoke hapo ukaandika kuwa hajui kuigiza. Sema, "Siendi," usiseme, "Hajui."

Pia uko mpaka ambao hapana pazia liwezalo kuuficha. Mchezo wenyewe ukiwa ndio tendo ovu, wimbo ukiwaita watu wa kijiji kimoja wakaichome nyumba ya kijiji cha pili, hapo mtu na mchezo wake wamekuwa kitu kimoja, na hawatengeki. Ndiyo maana Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008, inapokataza maneno ya chuki ya kikabila, hutaja pia michezo inayoonyeshwa mbele ya watu. Asiseme mtu, "Nilikuwa naigiza tu." Katika nchi ya Tana, ambako watu wamezika wafu wao, neno "tu" halitoshi kuwa kinga. Lakini tofautisha sawasawa: mchezo unaomwonyesha mchochezi ili tumjue si mchezo unaochochea. Ukiwafunga wanaotuonyesha moto pamoja na wanaouwasha, utabaki gizani na nyumba itaungua vile vile.

Basi utakapoketi kuandika uhakiki wako, jiulize maswali matatu, na uyaweke kila moja katika aya yake, yasichanganyike. La kwanza: mchezaji alifanya nini jukwaani, na alifanya vizuri kiasi gani? Jibu kwa ushahidi wa macho na masikio yako: sauti, mwendo, kimya, uso. La pili: mchezo wenyewe wasema nini, na katika kusema huko wamtendea haki nani na wamwonea nani? Jibu kwa maneno ya mchezo, si kwa maneno ya sokoni. La tatu: kama lipo jambo la nje ya jukwaa linalokusumbua, walijua kwa hakika au kwa uvumi, na ni baraza gani lenye haki ya kuliamua? Mara nyingi utaona kuwa swali la tatu, likiisha kuandikwa peke yake, lapungua ukubwa. Na mara chache utaona kuwa lazidi. Vyovyote iwavyo, msomaji wako atajua ni wapi unasema juu ya mchezo na ni wapi unasema juu ya mtu.

Na ukiona kazi hii ni ngumu, kumbuka kuwa umekwisha kuifanya mara nyingi bila kujua. Wimbo ule waliouimba wasichana wa Butere ndio uuimbao wewe katika paredi ya shule. Sauti yake ilichukuliwa mwaka 1963 katika wimbo wa Kipokomo wa kubembelezea mtoto, alioutoa Mzee Meza Morowa Galana wa Tana River. Watu watano wakautengeneza. Mmoja wao, Graham Hyslop, alikuwa Mwingereza aliyeitumikia serikali ya kikoloni katika mambo ya muziki, na mwaka 1957 alikuwa amekwisha kuchapisha michezo ya Kiswahili, Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu. Nchi iliyokuwa ikiuondoa ukoloni haikuukataa wimbo kwa sababu ya mtumishi wa ukoloni, na Mworma hakuukataa kwa kuwa umetoka kwa Mpokomo. Paredi ikisimama Garsen asubuhi, wote huuimba, kisha huingia darasani. Na yaliyo kati yao, ambayo wimbo hauwezi kuyamaliza, huwangoja pale pale yataamuliwe na wenye kuyaamua.